Stadi Wazi na Stadi Funge: Historia Fupi ya Jozi ya Istilahi

Mwanafunzi wa elimu ya viungo hufundishwa mapema kwamba stadi za viungo ni za aina mbili, zilizo wazi na zilizo funge. Mwanaisimu asikiapo maneno hayo hukumbuka silabi: silabi wazi huishia kwa irabu, silabi funge kwa konsonanti. Huko kinachoelezwa ni umbo la silabi yenyewe. Katika michezo mambo si hivyo, na kosa litokanalo na tofauti hiyo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Zamani mazoezi yaliainishwa kwa kuutazama mwili. Georges Hébert (1875-1957), ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyapanga katika makundi 10: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa miguu na mikono, kupanda, kujisawazisha, kutupa, kuinua, kujihami na kuogelea. Orodha hiyo ni nzuri. Lakini, kama msomaji aonavyo, ni orodha ya vitenzi tu. Yatuambia mwili wafanya nini, haituambii ulimwengu unaouzunguka wafanya nini wakati huo huo.

Swali hilo la pili halikuzaliwa uwanjani. Mwaka 1957 E. C. Poulton, mwanasaikolojia wa Uingereza, alikuwa akichunguza jinsi mtu anavyotabiri mambo anapotenda kazi ya ustadi, kwa mfano kufuatisha kwa mkono alama inayosogea mbele ya macho yake. Ndiye aliyetenganisha stadi wazi na stadi funge. Barbara Knapp aliiingiza jozi hiyo michezoni katika kitabu chake cha mwaka 1963, naye alikataa kuikata kwa kisu: kwake, stadi zote zimo katika mstari mmoja, toka ncha hii hadi ile. Alikuwa na haki. Mpira wa penalti umetulia chini, lakini golikipa hakutulia.

Sisi wa Lubumbashi tunao mfano wetu. Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0, na golikipa Robert Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka juu ya matako. Ruko lile ni stadi funge kabisa: yeye huamua lini aanze na lini aishe. Kuzuia mpira ni stadi wazi, kwani mpigaji ndiye anayeamua. Mwili ni ule ule, na mchezo ni ule ule.

Aliyeonyesha faida ya haya kwa mwalimu ni A. M. Gentile wa New York, mwaka 1972. Stadi funge, alisema, hukomaa kwa kukariri tendo lile lile hadi liimarike. Stadi wazi hukomaa kwa kubadilishabadilisha namna za kutenda. Jedwali lake la mwaka 1987 lina visanduku 16, nalo si kazi yetu hapa. Pierre Parlebas wa Ufaransa, katika kamusi yake ya mwaka 1981, aliuliza shaka yatoka wapi: kwa mwenzi, kwa mpinzani, au kwa mazingira? Kwa majibu hayo matatu alipata aina 8. Judo ina shaka ya mpinzani peke yake.

Sasa turudi kwenye neno. Mwanafunzi asikiaye "stadi funge" hudhani ni stadi iliyokwisha kukamilika, au mwili uliobanwa. Akiwa mwalimu, atawapanga watoto mstarini wapige mpira uliotulia mwaka mzima, kisha atashangaa kwamba katika mechi hawaujui mpira unaokuja. Kosa hilo tumeliona si mara moja. Kwa hiyo twapendekeza "stadi ya mazingira tulivu" na "stadi ya mazingira geugeu". Ni maneno marefu, na wapenda istilahi fupi watalalamika. Lakini yanataja mazingira, na mazingira ndiyo Poulton aliyokuwa akiyatazama.