Mchumaji Alilala Wapi?

Historia ya karafuu za Zanzibar huandikwa kwa majina ya masultani na bei za soko. Mimi niliyekulia mashambani karibu na Wete, Pemba, nina swali jingine: mchumaji alilala wapi?

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo mzigo mkubwa wa zao hili ukawa wetu. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, wenye mashamba wakabaki na miti isiyo na wachumaji. Karafuu nayo haina subira: huchumwa ingali imefumba, ikishachanua, thamani imekwenda. Ndipo serikali ya kikoloni ikawahimiza Wahadimu na Watumbatu wavuke kutoka Unguja kuja kuchuma. Wanyamwezi nao walikuja kutoka bara.

Bibi yangu aliwakuta wageni hao akiwa mwari. Walifikia barazani, jikoni, na kwenye mabanda ya makuti yaliyosimamishwa msimu ule ule. Kila mtu alikuja na mkeka wake. Mchana kutwa walikuwa juu ya miti, wakivuta matawi kwa ngoe; jioni walikaa chini kuchambua karafuu na makonyo, kisha tajiri akapima kwa pishi, na kwa pishi akalipa. Mvua ikinyesha usiku, karafuu zilizoanikwa majamvini zilikimbizwa ndani. Mchumaji alibaki pale pale barazani.

Lakini hakuwa mnyonge kama anavyodhaniwa. Tajiri aliyetoa paa lisilovuja na wali kwa mchuzi wa papa hakuhangaika kutafuta watu. Bahili aliamka akakuta banda tupu: wachumaji wamekunja mikeka na kuhamia shamba la jirani, karafuu zake zikianza kuchanua. Hawakuhitaji chama wala barua ya malalamiko.

Siku hizi ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua karafuu kwa bei inayotangazwa, ilhali ujira wa kuchuma pishi moja bado ni mapatano ya shambani. Kila msimu mkubwa nawasikia wenye mashamba wakilia kwamba vijana hawataki tena kuchuma. Nami huwajibu kwa kuwaonyesha mabanda yao. Anayetaka karafuu zake zisichanue mtini, na aanze kwa kuezeka pa kulala mchumaji.