Mizani ya Mbali: Kisoko na Maonyesho ya Kilimo

Jina la Kisoko limekaa pande zote mbili za mpaka. Upande wa Uganda ni eneo la Budama Magharibi, wilayani Tororo, kwa Wajopadhola. Upande wa Kenya ni eneo la Nambale, katika kaunti ya Busia. Jirani kidogo, kule Busoga, kisoko lilikuwa neno la utawala: kipande kidogo cha kijiji chenye mkuu wake, eneo ambalo mtu alilizunguka kwa miguu akarudi nyumbani kabla ya jua kutua. Mkulima wa Kisoko zote mbili ana nafasi ambayo wakulima wengi hawana. Kila mwaka anaitwa na mataifa mawili: magharibi kuna maonyesho ya Jinja, mashariki kuna ya Kisumu, Kakamega, Eldoret na Kitale. Kila mwaliko una gharama yake. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula cha njiani, na siku moja au mbili za kazi, mara nyingi katika msimu ambao mavuno ya mvua ndefu yanaanikwa na shamba la mvua fupi linasubiri plau. Je, safari hiyo inalipa? Watetezi wa maonyesho huyaita shule ya mkulima. Historia ya mpaka huu haikubaliani nao. Maonyesho hayajawahi kuwa shule. Yamekuwa mizani, nayo mizani humfaa tu aliyeleta mzigo wake, ukapimwa pamoja na mizigo ya aina yake.

Desturi yenyewe ilianza hivyo. Chama cha kilimo cha kifalme cha Uingereza kilifanya maonyesho yake ya kwanza Oxford mwaka 1839, na kwa zaidi ya karne moja maonyesho hayo hayakuwa na makao. Mwaka huu yalipigwa mji huu, mwaka ujao mji ule, ili wakulima wa kila upande wapate zamu ya kuleta ng'ombe wao bila kuwasafirisha nchi nzima. Mwaka 1963 yalitulia Stoneleigh. Mwaka 2009 yakafanyika kwa mara ya mwisho. Mbegu ya desturi hiyo ililetwa Nairobi na walowezi, walioanzisha chama chao cha kilimo mwaka 1901 na kufanya maonyesho ya kwanza mwaka 1902. Chama hicho ndicho kinachojulikana leo kama Agricultural Society of Kenya. Mwaka huohuo wa 1902 serikali ya Uingereza ilikata jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, na ardhi ya Busia na Tororo, iliyokuwa chini ya utawala mmoja, ikaanza safari ya kugawanyika. Kwa hiyo mpaka na maonyesho vina umri mmoja.

Kwa walowezi, maonyesho yalilipa, na sababu yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Walikuwa wageni katika nchi wasiyoijua. Mmoja wao, Lord Delamere, alipoteza kondoo na ng'ombe wengi Njoro kwa maradhi na kwa malisho yaliyopungukiwa madini, kisha ngano yake ikaliwa na kutu. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya fahali wa jirani yake, aliyelishwa majani yaleyale na kuumwa na kupe walewale, alikuwa anasoma jibu la swali lake mwenyewe. Waliokutana uwanjani walikuwa wachache, wenye hali moja, na kila mmoja alikuja na kitu cha kupimwa. Mwafrika hakuwa na nafasi hiyo. Nchini Kenya hata kulima kahawa kulikuwa haki ya walowezi kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Mizani ilikuwepo, ila haikuwekwa kwa ajili yake.

Basi Kisoko ilibadilikaje? Maana ilibadilika, tena sana. Mbegu za pamba ziliingia Uganda mwaka 1903 kwa juhudi za K. E. Borup na kampuni iliyotokana na misheni ya CMS. Sheria ya pamba ya mwaka 1908 ikaipa serikali mamlaka juu ya mbegu na uchambuaji, na machifu wa mfumo ulioletwa mashariki na jemadari wa Buganda, Semei Kakungulu, wakahakikisha kila nyumba imelima. Reli ilipopita Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, pamba ikapata njia ya kwenda Mombasa. Plau ya kukokotwa na maksai ilishika kwanza Teso, kisha ikasambaa kwa majirani. Katika mlolongo huo wote, mafunzo yalipita njia mbili, amri na jirani. Amri ilileta pamba. Jirani akaonyesha namna ya kufunga nira. Sisifu amri, maana ilikuja na kiboko. Nataka tu ionekane kwamba mageuzi makubwa kabisa ya kilimo cha eneo hili yalipita bila kupitia lango la uwanja wa maonyesho.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni muhogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali ya ugonjwa wa batobato, unaokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya manjano, ilianza kuenea Uganda, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imevuka hadi magharibi ya Kenya. Katika nyumba ambazo muhogo ulikuwa akiba ya mwisho, ugonjwa huo ulikuwa sawa na kuchomewa ghala. Dawa ilitoka upande uleule yalikotoka maradhi: aina zinazostahimili, kama Migyera, zilizojaribiwa na kusambazwa na watafiti wa Uganda, zikapandwa pia upande wa Kenya. Na muhogo si mahindi. Mbegu yake haifungwi katika pakiti. Ni kijiti kinachokatwa vipande, na shina moja lililokomaa hutoa vipande vichache tu, kwa hiyo anayetaka kupanda ekari lazima ampate mwenye shamba lililo hai, akate, afunge mzigo, aubebe kabla haujanyauka. Mpaka wa Busia ndio uliolipa bara letu jina la bodaboda, kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka hadi kingine. Kwa zao linalosafiri kwa mafungu ya vijiti, chombo kama hicho kina kazi kuliko banda lolote lenye picha na vipeperushi.

Mtetezi wa maonyesho atanijibu kwa mahindi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara H611, na ikapokelewa na wakulima wadogo kwa kasi iliyowashangaza wataalamu wa dunia. Atasema: hapo je, mtu hakufaidika kwenda kuona? Alifaidika, kama shamba lake liko Trans Nzoia. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko juu zaidi, kama mita 2,100. Busia na Tororo ziko kati ya mita 1,100 na 1,200 hivi. Chotara za jamii ya 600 zilitengenezwa kwa baridi ya nyanda za juu, na hukaa shambani miezi sita au zaidi. Kisoko ina misimu miwili mifupi, na hindi linalochelewa hivyo linakula msimu wa pili wote. Zaidi ya hayo, kuna kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo. Hushika mizizi ya mahindi na mtama chini ya udongo, likayanyonya kabla hata halijachomoza. Mabua yenye urefu wa watu wawili yaliyosimamishwa kwenye banda la Kitale ni ya kweli kabisa, lakini kwa mtu wa Kisoko ni ushahidi wa kesi isiyo yake.

Kuna pingamizi kali zaidi, nalo linagusa mizani yenyewe. Hata mbele ya mazao ya aina moja, je, majaji hupima kinachofaa kupimwa? Meza ya mahindi kwenye maonyesho ya mtindo wa zamani ilikuwa na adabu zake: mahindi yamelazwa sambamba kama askari, yawe ya urefu mmoja, mistari ya punje imenyooka, ncha imejaa, rangi haikuchanganyika. Huko Iowa, Marekani, ibada hiyo ilishamiri mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1904 kijana Henry A. Wallace, ambaye baadaye alikuja kuwa makamu wa rais, alichukua punje kutoka mahindi yaliyopangwa madaraja na profesa mmoja mashuhuri, akazipanda kila hindi mstari wake, akapima mavuno. Lile lililosifiwa kuliko yote likawa miongoni mwa yaliyozaa kidogo. Wakulima wa Iowa hawakuacha kushindana kwa ajili hiyo. Mwaka 1920 walianzisha shindano jipya, safari hii la mavuno shambani, si la urembo mezani, na shindano hilo likafungua njia kwa mbegu chotara. Aibu ya meza ya majaji ilikuwa katika kipimo walichokitumia. Ushindani wenyewe, wa mtu kuleta chake kikalinganishwa mbele ya wenzake, ulibaki kuwa nyenzo iliyoleta matunda.

Sasa linganisha na kinachomkuta mtu siku hizi uwanjani. Safu za mabanda ya benki, bima, simu na taasisi za serikali. Magereza na samani zao. Bembea za watoto. Muziki, soda, na jukwaa la hotuba. Mifugo na mazao yapo, lakini mara nyingi ni ya taasisi na wafugaji wakubwa. Yule wa ekari mbili amekuwa mtazamaji, na mbele ya mabanda mengi ni mteja. Majina yenyewe yametoboa siri: maonyesho makubwa ya Nairobi, pale Jamhuri Park, sasa yanaitwa maonyesho ya kimataifa ya biashara. Tanzania ilipitia njia hiyohiyo, ila ilitenganisha mambo waziwazi. Saba Saba, iliyokuwa sikukuu ya wakulima, ikabaki na maonyesho ya biashara Dar es Salaam, na wakulima wakapewa Nane Nane, inayofanyika kwa kanda, Mbeya, Morogoro, Arusha na kwingineko. Mgawanyo huo wa kanda una busara, kwa sababu mkulima wa Mbeya hapimwi kwa mvua za Lindi.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Yapo mambo ambayo jirani hawezi kumwonyesha jirani, kwa kuwa hakuna kijijini aliye nayo. Mashine ya kupukuchua, dume la mbegu bora, kampuni tatu za mbegu ambazo mtu anaweza kuzihoji moja baada ya nyingine: simu humwonyesha picha, lakini haimruhusu kushika chuma wala kumbana muuzaji kwa maswali. Tena, furaha nayo ni haki. Mwenye kutoka jasho mwaka mzima halazimiki kutoa hesabu ya kila shilingi aliyoitumia kuwapeleka watoto wakaone ng'ombe wa maziwa na kupanda bembea. Hoja hizo nazikubali. Lakini ya furaha inahalalisha sikukuu, haihalalishi kuiita shule. Na ya mashine inamhusu mtu aliyekwenda na swali, anayejua upana wa shamba lake, mfuko wake na tatizo lake.

Ndiyo maana ushahidi unatuelekeza kwenye safari ya aina mbili. Ya kwanza ni ndefu, nayo mkulima wa Kisoko aifuate kwa mwinuko wa ardhi kabla ya bendera. Jinja na Kisumu ziko kwenye mwinuko unaokaribia wake, karibu na ziwa moja, na joto lao linafanana na lake. Kwa hiyo mtu wa Nambale anaweza kuokota mengi Jinja kuliko Eldoret, na mtu wa Tororo asione haya kwenda Kisumu. Wala si lazima kila mwaka, kwa kuwa mashine na mbegu hazibadiliki kila mwaka. Anatosha mmoja wa kikundi, aliyetumwa na maswali ya wenzake na atakayerudi kutoa ripoti. Safari ya pili ni fupi, na ndiyo yenye rekodi nzuri zaidi. Mbinu ya kusukuma na kuvuta, iliyobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, wakiongozwa na Zeyaur Khan, ilianza kufikishwa kwa wakulima mwaka 1997: mmea wa desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia huzunguka shamba, kiduha kikasongwa na nondo wa bungua wakavutwa pembeni. Ilienezwa sana na wakulima waliowafundisha wakulima, katika mashamba yaliyofunguliwa kwa siku moja, na ikafika Busia na mashariki ya Uganda. Aliyekwenda kutazama shamba kama hilo aliona udongo wake mwenyewe, gugu lake mwenyewe, na mtu wa mapato yake mwenyewe aliyeweza kumjibu kwa lugha ya nyumbani.

Hapo kuna fundisho ambalo hata mji mkubwa ungefaa kulizingatia. Maonyesho ya Uingereza yalihama kila mwaka kuwafuata wakulima kwa zaidi ya karne. Ya kwetu yalirithi viwanja na uzio, yakaacha mwendo. Wanaoyasimamia pande zote mbili za mpaka wakitaka yawe na maana kwa mtu wa Kisoko, waanze na eneo dogo kama lile ambalo neno hilo lilitaja kule Busoga. Mashindano yafanyike shambani, kwa debe na mizani. Washindi wa vijiji wakutane wilayani, na wa wilaya ndio wapewe mabanda ya Jinja na Kisumu, nauli yao ikilipwa. Hadi hapo, atakayeulizwa kama aende au abaki anaweza kujijibu kwa swali jepesi kabla hajapanda gari: nimebeba nini cha kupimwa?