Ruta Yako Iko na Mashimo? Cheki Kabla Ikuchome

Msee, uko Tuwan pale Kitale ama Kanduyi upande wa Bungoma, WiFi ya keja inadunda, na kile kidude cha antena kimekaa juu ya kabati. Hujakigusa tangu fundi aende. Hapo ndipo noma huanzia.

Shimo linatoka wapi?

Ruta ni kompyuta ndogo. Programu inayoiendesha inaitwa programu dhibiti, vile Android huendesha simu yako. Tofauti ni kwamba simu hukusumbua ikitaka kusasishwa, lakini ruta nyingi hunyamaza tu. Mashimo huja kwa njia tatu:

- Neno la siri la kiwandani. Kirusi cha Mirai, 2016, kilibeba orodha ya majina na maneno ya siri kama 60 hivi ya aina ya "admin", na bado kikanasa malaki ya kamera na ruta.
- Kosa la waliounda programu. Juni 2025, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilionya kuwa wahalifu wanatumia shimo la CVE-2023-33538 kwenye baadhi ya matoleo ya TP-Link TL-WR841N, WR940N na WR740N. Linaweza kumruhusu mtu kuendesha amri zake ndani ya ruta.
- Uzee. Kampuni ikiachana na modeli, shimo jipya halizibwi tena. Ndio maana ruta ya mtumba ya bei ya kutupa inaeza kukugharimu.

Unapoteza nini?

Doo, kwanza. Mwaka wa 2018, ruta zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa Brazil, zilibadilishwa DNS, ile huduma inayoelekeza simu yako kwa tovuti. Mtu aliandika anwani sahihi ya benki yake, akapelekwa kwa tovuti feki.

Pili, ruta yako inaeza kuandikwa jeshini bila wewe kujua. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa kushambulia kampuni ya simu ya Lonestar kule Liberia mwaka wa 2016, akitumia vifaa vya watu vilivyonaswa na Mirai. Januari 2019 alifungwa miezi 32. Wenye vifaa hawakuwa na habari.

Ziba hivi

1. Ukiwa kwa WiFi yako, fungua 192.168.0.1 ama 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Anwani kamili iko kwa kibandiko chini ya ruta.
2. Badilisha neno la siri la kuingia kwa mipangilio. Hilo si lile la WiFi unalopea majirani.
3. Tafuta toleo jipya la programu dhibiti kwa tovuti ya kampuni yenyewe. Linganisha modeli na nambari ya toleo la kifaa, kwa sababu ukiweka faili la modeli nyingine unaeza kuua ruta.
4. Zima usimamizi wa kutoka nje na WPS.
5. Kama ruta ni ya kampuni ya intaneti, pigia huduma kwa wateja, uliza nani huisasisha na mara ya mwisho ilikuwa lini.
6. Umenunua mtumba? Bonyeza kile kitufe cha kuirudisha kama mpya, kisha anza hatua ya kwanza.

Kuzima na kuwasha hufukuza Mirai, lakini neno la siri likibaki lile lile, itarudi. Na kama kampuni imeshaachana na modeli yako, usihangaike nayo. Tafuta nyingine.