Kutoka Mkonge wa Tanga hadi Stroberi za Kent

Kila tarehe 9 Desemba tunapokutana hapa Uingereza kula pilau na kuimba wimbo wa taifa, wazee wetu hutukumbusha wito wa TANU wa siku zile: Uhuru na Kazi. Vijana wetu huuliza kwa nini maneno hayo mawili yaliwekwa pamoja. Jibu linapatikana kwenye mashamba.

Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Ardhi ilipatikana na mashine zikaletwa, ila mikono ikakosekana, kwani wenyeji walikuwa na mashamba yao ya kulima. Wenye mkonge wakatafuta watu wa mbali: Waha wa Kigoma, watu wa Ruanda-Urundi, Wamakonde kutoka Msumbiji. Kodi ya serikali ya kikoloni iliwasukuma wengi watoke makwao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua.

Waliokuja kwa mkataba tuliwaita manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Kibarua alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kila alipomaliza kazi ya siku, kadi ilitiwa alama. Siku 30 zikitimia, ndipo alipolipwa.

Sasa tutazame nchi tunamoishi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mashamba ya Uingereza yalilimwa na wanawake wa Jeshi la Ardhi pamoja na mateka wa vita, Wataliano na Wajerumani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, ulianzishwa mpango wa wafanyakazi wa msimu, ambao kwa miaka mingi ulileta wanafunzi kutoka Ulaya. Kuanzia 2008 uliachiwa Wabulgaria na Waromania peke yao, na mwisho wa 2013 ukafungwa, kwa kuwa raia wa Umoja wa Ulaya walitosha na hawakuhitaji kibali.

Halafu ikaja kura ya 2016 ya kujitoa katika Umoja huo. Wavunaji wakapungua, na wakulima wakalalamika kwamba matunda yanaozea shambani. Serikali ikaanza majaribio mwaka 2019 kwa viza 2,500. Mwaka 2020 zikawa 10,000, na 2021 zikafika 30,000. Leo kwenye stroberi za Kent na matunda ya Perthshire utakuta watu wa Nepal, Indonesia, Uzbekistan na Kirgizia.

Viza hiyo ni ya miezi sita. Mvunaji haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Hawezi kuigeuza iwe ya kukaa. Anadhaminiwa na wakala, na si rahisi kuhama shamba bila idhini yake. Wengi hufika na deni la nauli na ada.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Manamba alikuwa mtawaliwa. Mvunaji wa leo ana kima cha chini cha mshahara na sheria ya kumlinda. Lakini sheria hiyo ilikuja kwa gharama. Februari 2004 Wachina wasiopungua 21 walikufa maji wakiokota kome Morecambe Bay, baada ya kuzingirwa na bahari iliyokuwa ikijaa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwapa leseni mawakala wa vibarua.

Linalofanana ni hili: shamba linaomba mikono, na mikono haiji bila mtu. Mtu huyo anaumwa, anakumbuka nyumbani, anataka kuitwa kwa jina lake. Sisi tuliowahi kusubiri viza kwa hofu tunalijua hilo bila kufundishwa.

Basi msimu ujao, ndugu zetu mnaokaa karibu na mashamba, mkikutana na wavunaji hao dukani au kwenye basi, wasalimieni. Waulizeni majina. Wakiwa na shida ya malipo au makazi, waelekezeni wanakoweza kusaidiwa. Babu zetu walioitwa kwa namba hawakuwa na wa kuwafanyia hivyo.

Uhuru na Kazi. Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwenu nyote.