Maji baridi ya nyuzi 26

Anayeanza kufuga samaki nyumbani huambiwa achukue samaki wa maji baridi, kisha muuzaji huyo huyo humuuzia hita ya kupasha maji hadi nyuzi 26. Hajachanganyikiwa. Kwa wavuvi, baridi hapa ni kinyume cha chumvi: sato na perege ni wa maji baridi, changu na kibua ni wa maji chumvi. Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu huwa vuguvugu mwaka mzima, nalo ni la maji baridi. Wengine husema maji matamu, ingawa hakuna aliyetia sukari.

Joto hilo halimfai samaki peke yake, huwafaa pia bakteria wa tangini. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kula amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Mfugaji makini huondoa klorini, huwasha chujio, kisha hutia amonia kidogo kabla hajaleta samaki hata mmoja. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali, inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kazi hiyo huchukua kama wiki 4 hadi 6, na maji yakipoa huchelewa zaidi.

Wengi hushindwa kusubiri kwa kuwa maji yanang'aa tangu siku ya kwanza. Mng'ao haupimi kitu. Dawa ya kupimia ioneshe amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati ipo. Hapo samaki wachache, kama gapi, waingizwe, si kumi kwa mpigo.