Moyo wa Mgonjwa wa Figo Tangu 1836

Mwaka 1836 Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital mjini London, alichapisha taarifa za wagonjwa 100 wa figo. Maiti zilipopasuliwa, wengi walikutwa na moyo uliokua kupita kiasi. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi hakikuwapo bado. Riva-Rocci alikileta mwaka 1896. Bright alikisia kwamba damu iliyochafuka inaulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu zaidi, na kwa mtu asiye na kipimo hakukosea sana.

Lakini wakati huo figo ndizo zilizoua kwanza. Machi 1960, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alimwekea Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi ili damu yake isafishwe na mashine mara kwa mara. Shields aliishi miaka 11 zaidi, kisha akafa kwa mshtuko wa moyo. Mwaka 1974 madaktari wa mji huohuo wakaandika kwamba mishipa ya wagonjwa wa mashine huziba mapema mno. Yaani mashine iliwapa muda wa kufa na ugonjwa ambao Bright alikuwa ameshauona.

Figo zikilala, maji na chumvi hubaki na kupandisha presha, na chokaa hujijenga kwenye kuta za mishipa. Usafishaji wa kawaida ni mara tatu kwa wiki. Mtu wa Makebuko anayezifuata mashine za Bujumbura hupita Gitega na Muramvya. Akikosa nauli mara moja tu, maji yale huubebesha moyo mzigo hadi safari inayofuata.