Landrova ya zamani: tuikamate ao tuache?



Juma lililopita, baada ya kipindi, papa mmoja alinisimamisha njiani. Familia yake ilihama Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, vita vilipofika katika mji wetu. Yeye na jirani wanne wamekuwa wakichanga pesa kidogo kidogo. Wanataka gari la kubeba viazi na maharagwe kutoka mashambani hadi soko la Butembo. Toyota zimewashinda bei. Lakini kuna mtu anauza Landrova ya zamani, na bei yake ni ndogo. Akaniuliza: "Muandishi, hii gari tuikamate ao tuache?"

Sikumjibu palepale. Nilienda kumwona mzee mmoja fundi aliyekuwa na garaji yake Kirumba, na ambaye sasa anafanya kazi chini ya hema la plastiki pembeni ya barabara, Butembo. Aliniambia kwamba mtu hawezi kuchagua Landrova kama hajui ilikotoka. Basi tuanzie huko.

Landrova ni mtoto wa umaskini wa baada ya vita. Mwaka 1947, Maurice Wilks, injinia mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey. Humo alitumia jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Aliona kwamba siku jeep hiyo itakapokufa, hakuna gari la Uingereza litakalochukua nafasi yake. Akaamua kulitengeneza. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948.

Wakati ule chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo Uingereza. Ndiyo maana mwili wa Landrova ulifanywa kwa aluminiamu, na magari ya kwanza yakapakwa rangi ya kijani iliyobaki jeshini. Kwa kuwa mashine kubwa za kukunja bati zilikuwa ghali, bati zake zilikuwa nyoofu, zimeshikwa kwa bolti na ribiti. Injini ya kwanza ilikuwa ya esansi, lita 1.6 tu. Lakini iliweza kuvuta jembe, na hata kuzungusha msumeno shambani. Na batri ikikufa, ulichukua manivela, ukaizungusha kwa mkono mbele ya gari, injini ikawaka.

Umaskini huo ndio uliolipendekeza gari hili huku kwetu. Ukigonga mti, bati ulinyoosha kwa nyundo. Mlango ukiharibika, ulifungua bolti ukatia mwingine. Katika nchi jirani zilizotawaliwa na Mwingereza, yaani Uganda, Kenya na Tanganyika, Landrova ikawa gari la wakuu wa wilaya, mapadri, waganga na wenye mashamba. Ubelgiji nayo, iliyokuwa inatutawala sisi, iliomba ruhusa ya kuitengeneza. Kuanzia mwaka 1952 kiwanda cha Minerva, mjini Antwerpen, kiliunda Landrova za jeshi la Ubelgiji. Hizo mwili wake ulikuwa wa chuma, na mabawa ya mbele yalikatwa kwa mshazari. Mkiona picha ya zamani yenye gari la namna hiyo, hiyo ni Minerva.

Kwa miaka mingi zilitoka kwa majina matatu: Series I tangu 1948, Series II tangu 1958, na Series III kutoka 1971 hadi 1985. Wazee wetu walizijua zaidi kwa namba. 88 ni fupi, 109 ni ndefu. Ni urefu wa kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kwa inchi. Kwa mtu wa mizigo, 109 ndiyo gari.

Mbona basi zimepotea katika njia zetu? Fundi alinitajia mambo matatu. La kwanza ni piesi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapita mikononi mwa Wazaire. Wengi waliokuwa wakiagiza piesi ng'ambo waliondoka, na wengi waliopewa maduka hawakuyaendeleza. La pili ni barabara. Barabara ya kitaifa namba 2 ilipochakaa, Landrova zilizobeba mizigo kupita kiasi zilivunja mara kwa mara kile chuma cha ndani kinachozungusha magurudumu ya nyuma. La tatu ni Uingereza kwenyewe. Rover ilimezwa ndani ya kampuni kubwa ya British Leyland, ambayo serikali ilibidi iichukue mwaka 1975 ili isife. Magari hayakutosha na wateja walingoja. Toyota hawakungoja. Land Cruiser yao ilikuja na injini kubwa na vyuma vigumu zaidi, na ile ya mfululizo wa 70, iliyotoka 1984, ndiyo mnayoiona hata leo.

Lakini Landrova haikufa kila mahali. Huko Maralal, kaskazini mwa Kenya, Landrova za zamani bado zinapakia watu na mizigo. Arusha, Tanzania, ziko nyingi hivi kwamba Oktoba 2024 mamia ya wenyewe walikusanyika nazo katika tamasha. Siri ya miji hiyo ni kwamba fundi yupo, duka la piesi lipo, na magari mengine yaliyokufa yapo ya kutolewa vyuma.

Nikamwuliza fundi: papa huyu aangalie nini? Akasema, "Hii gari haina kompyuta, iko na mifupa tu. Angalia mifupa."

Mifupa ni shasi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza, kwa sababu shasi ni ya chuma. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma. Sauti ya kengele ni nzuri. Sauti ya kopo la maziwa, ondoka. Angalia pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva.

Halafu injini. Ile ya esansi ya lita 2.25 ni ngumu, lakini inakunywa, mara nyingi lita 15 au zaidi kwa kilomita 100. Ile ya mazuti ya Series inakunywa kidogo, ila mlimani inatambaa. Kama ni Defender ya miaka ya 1990 yenye injini ya Tdi, hiyo ina nguvu na haili sana. Lakini uliza mkanda wa ndani ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini inaharibika.

Mwisho, usukani. Gari lililopitia Kasindi kutoka Uganda mara nyingi lina usukani wa kulia, na sisi tunapita kulia. Kulipita kamiyo katika kona za Lubero ukiwa upande ule ni hatari.

Jumamosi tulienda wote kuiona hiyo Landrova. Ilikuwa 109, Series III, rangi nzuri. Fundi alilala chini, akagonga mara tatu, na ncha ya nyundo ikaingia ndani ya shasi. Hakuna aliyesema neno. Tulirudi kwa miguu.

Njiani papa alisema pesa zao wanazibakisha. Kisha akamwambia fundi: "Mzee, sisi ni watano. Ingia uwe wa sita. Usitoe kitu, wewe ni mchango tayari." Mzee alicheka, akakubali. Alipohama Kirumba aliacha nyumba, akabeba sanduku la funguo tu. Sasa wanatafuta gari kwanza kwa kuuliza piesi zake zinapatikana wapi Butembo.

Kama kuna mzee kati yenu aliyewahi kuendesha Landrova kati ya Butembo na Goma, aje redioni atusimulie. Picha nyingi zilibaki nyumbani. Kumbukumbu tunazo.